Jini wako ametoka mapema mno

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni msichana wa Wete, nimemaliza skuli na sasa namsaidia mama dukani. Nimeandika hadithi ya kutisha kuhusu nyumba ya marehemu babu iliyofungwa miaka mingi na jini anayekaa ndani yake. Nilimpa dada yangu aisome, akacheka mwanzo mpaka mwisho. Mimi nataka iwe novela kamili, mtu akiisoma usiku ashindwe kwenda chooni. Kasoro iko wapi, na mtu hujifunza vipi kuandika kitu cha kutisha? Sura ya kwanza nimekutumia. Halafu, niitoe kidogo kidogo kwenye kundi letu la WhatsApp, au nisubiri?

Jibu: Marahaba mwanangu. Sura nimeisoma, na nakwambia mapema kwamba dada yako hana kosa.

Jini wako anatokea ukurasa wa tatu. Ana urefu wa mnazi, macho mekundu, kwato za ng'ombe, na kicheko cha ngurumo. Msomaji wa Pemba akimwona huyo hana sababu ya kuogopa, maana anamjua tangu utotoni na anajua la kufanya. Atasoma Ayatul Kursiyu, atatema mate kushotoni, atageuza ubavu, atalala. Hata kama yeye si msomaji wa hivyo, anajua nani wa kumwita. Jini huyo umemleta na sura yake, jina lake na dawa yake, vyote ndani ya aya moja. Sasa aogope nini?

Waandishi wa nchi ambazo watu wengi hawaamini majini wana kazi ambayo wewe huna. Wao hutoka jasho kwanza kumfanya msomaji akubali kwamba kitu kama hicho kinaweza kuwepo. Ndiyo maana katika vitabu vyao robo nzima huishia kwenye mlango unaogonga, mume akisema ni upepo, mke akisema si upepo. Wewe kazi hiyo umeshafanyiwa. Msomaji wako anakubali kwamba majini wapo, wametajwa kwenye Kurani na wana sura yenye jina lao. Taabu yako iko kwengine: msomaji huyu ana kinga. Haulizi "hivi kweli hiki kipo?" Anauliza "mbona hawajamwita mtu?" Na usipomjibu, anacheka. Ndicho alichokifanya dada yako.

Kwa hiyo iweke hadithi kando, chukua karatasi tupu. Iandike familia yako ileile, nyumba ileile, kisha ujiulize: mambo yakianza kwenda kombo, hawa watafanya nini kwanza? Usimtazame jini hata kidogo, watazame wao. Siku za mwanzo hawatasema kitu. Mama atazidisha ubani jioni, na akiulizwa atasema anafukuza mbu. Kisha ataitwa maalim wa chuoni, yaani wa madrasa, aje asome. Ataandika kombe, yaani aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani, sahani ioshwe, maji yanywewe. Wakati huohuo mtoto aliyeanza kuweweseka atapelekwa hospitali apimwe malaria, kwa sababu sisi si wajinga, na kipimo kitaonesha hana kitu. Halafu atakuja shangazi kutoka Mkoani, na shangazi hawezi kukaa siku mbili bila ya kumtaja fundi mmoja, yaani mganga, wa kijiji fulani. Wengine watakasirika, wengine watakwenda kwa siri. Mwisho kabisa watasema basi, tuihame nyumba, tukalale kwa ndugu.

Hizo ni hatua sita au saba, na ndizo zitakazoibeba novela yako. Kila hatua ni sura moja au mbili. Msomaji ataingia katika kila sura akiwa na tamaa kwamba hii ndiyo itakayofaa, maana nyumbani kwake ingefaa.

Lakini kila hatua lazima ianguke, na hapa ndipo waandishi wengi wanapoteleza. Wanaifanya dawa ishindwe ili jini aonekane ana nguvu: maalim anasoma, jini anacheka, msahafu unaruka ukutani. Usifanye hivyo. Kwanza utamuudhi msomaji wako, na atakuwa na haki ya kuudhika. Pili utakuwa umeivunja dunia uliyoijenga mwenyewe, kwa sababu katika dunia hiyo neno la Mungu halishindwi. Anayeshindwa ni mtu. Maalim alipofika akataka vyumba vyote vifunguliwe, baba mkubwa akasema ufunguo wa kile cha mwisho umepotea, kumbe uko kiunoni mwake, kwa kuwa ndani mna mambo ya mirathi ambayo nduguze hawajayajua. Kombe liliagizwa linywewe na watu wote wa nyumba, lakini mke mdogo alilimwaga uani. Ana mimba ambayo hajamwambia mtu na ameogopa lisije likamdhuru. Kwa fundi walikwenda, fundi akauliza marehemu alikufa vipi, watu wanne wakatoa majibu mawili.

Unaona kinachotokea? Kila dawa inapoanguka, inafichua kitu. Msomaji anajua ufunguo uko wapi, anajua kombe limemwagwa, na hana njia ya kuwaambia. Ukifika hapo huna haja ya kwato.

Jambo la pili lililomchekesha dada yako ni kwamba Zuhura wako anaingia kwenye nyumba ile usiku, peke yake, na tochi ya simu. Nani kamruhusu? Wako wapi watu? Vitabu vya wenzetu humpeleka mhusika kwenye hoteli iliyofungwa kwa theluji au kibanda cha msituni, ili asipate wa kumsaidia. Huku kwetu mtu akikohoa siku mbili baraza linajaa. Nyumba ina bibi, mama, shangazi aliyeachika, watoto wa kulea, na mgeni mmoja ambaye hakuna anayejua ataondoka lini. Hofu ya upweke wa mahali haitufai.

Upweke tulionao sisi unatokana na aibu. Mtu anaweza kulala chumba kimoja na wenzake watano na awe na jambo ambalo hawezi kumwambia hata mmoja wao. Sitara tunaifundisha watoto kabla hawajajua kusoma: la ndani lisitoke nje. Tabia hii ni njema mara nyingi, na kwa mwandishi wa hadithi za kutisha ni hazina, kwa sababu inamtenga mtu katikati ya umati.

Chukua kisa cha Popobawa, kiumbe kilichosemwa kuwavamia watu usiku wamelala, kisa ambacho wazee wako wa Wete watakuwa wanakikumbuka hata kama hawapendi kukizungumza. Mwaka 1995 hofu ile ilizuka Pemba, ikavuka kwenda Unguja, ikafika mpaka Dar es Salaam, na ikarudi tena miaka ya baadaye, ukiwemo 2007. Achana na mabawa na kivuli, hayo ni mapambo. Tazama kisa chenyewe kilivyokaa. Kitu kinakuja usiku na kumdhalilisha mtu, pamoja na wanaume watu wazima, kwa namna ambayo baba hawezi kuitamka mbele ya wanawe. Kisha, kwa walivyosimulia watu, kinamwamrisha akawaambie wenziwe, na asipowaambia kitarudi. Aibu inamwambia nyamaza, hofu inamwambia sema. Mtu anabanwa kotekote na hakuna mlango uliofungwa kwa ufunguo popote. Sijaona mtunzi aliyebuni mtego mzuri zaidi ya huo, na huo haukutungwa na mtu mmoja.

Na watu walifanya nini? Walitoka na mikeka yao wakalala nje pamoja, moto ukiwaka, jirani na jirani. Kuwa wengi ndiyo ilikuwa kinga. Lakini wengi haohao, mjini Unguja, walimuua mtu mmoja mgonjwa wa akili kwa kumdhania kuwa ndiye. Mimi kila nikikifikiria kisa kile, hofu yangu haiko kwenye kile kitu cha usiku. Iko kwa wale watu walioamka asubuhi ya pili wakanawa uso, wakaenda kazini.

Tena 1995 ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, uliofanyika Oktoba, na maneno ya siasa yalichanganyika na maneno ya usiku mpaka hayakutenganishika. Hofu ya ajabu hupenda kuingia katika nyumba ambayo tayari ina hofu ya kawaida. Kwa hiyo kabla ya jini, watu wako walikuwa wanaogopa nini? Sura yako haisemi. Kuna deni? Kuna talaka inayonukia? Kuna mashamba ya karafuu ambayo hati zake hazionekani? Jaza hapo kwanza.

Sikwambii uandike Popobawa. Jina lile limeshachoka, siku hizi watu hulitaja kwa mzaha, na mzaha ukishaingia hautoki. Chukua mtego wake uliache jina.

Sasa urefu. Novela ni kitu cha katikati: tuzo za Nebula za Marekani, za hadithi za sayansi na njozi, huiweka kati ya maneno 17,500 na 40,000. Kwa hofu huo ndio urefu mzuri kuliko wote. Hadithi fupi haikupi nafasi ya kupanda hatua zote nilizozitaja, na riwaya ndefu inamchosha msomaji, kwa kuwa mtu hawezi kuogopa kurasa mia nne, akifika mia na hamsini ameshazoea. Lenga maneno 25,000. Ukiandika 500 kila siku, baada ya swala ya alfajiri kabla duka halijafunguliwa, rasimu ya kwanza itakwisha kwa siku 50. Nyumba moja, msimu mmoja, watu wasiozidi sita wenye majina. Umeweka kumi na mmoja katika sura ya kwanza, na wawili kati yao wote wanaitwa Bi Mkubwa.

Msimu uchague kwa makusudi. Wewe uko Pemba, na una msimu wa karafuu mlangoni, lakini sura yako ingeweza kutokea mwezi wowote. Wakati wa kuchuma, mchana nyumba iko tupu, watu wako mikarafuuni. Wachumaji wageni wanalala ukumbini na hakuna anayewajua vizuri. Usiku mtu anatoka kuangalia majamvi kama mvua inakuja. Harufu ya karafuu zinazoanikwa inafunika kila harufu nyingine, pamoja na ile ambayo ingepaswa kunusika mapema. Hayo yote umepewa bure.

Au, ukikubali kuihamishia familia Unguja, kuna ule wakati umeme ulipokatika kisiwa kizima kwa karibu miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, baada ya hitilafu upande wa Fumba, waya wa chini ya bahari unapotokea. Pemba wakati huo ilikuwa bado inatumia majenereta yake. Fikiria mji ambao pampu za maji hazifanyi kazi, watu wamerudi visimani, wenye uwezo wanaungurumisha jenereta usiku kucha, na nyumba ya pili yake ina kibatari. Kelele ya jenereta la jirani ni nzuri kwako: nyumba inaweza kupiga ukelele na asisikie mtu. Na msomaji anajua kwamba umeme utarudi. Ukiwa na ujasiri, fanya kurudi kwa umeme ndiyo iwe sura mbaya kuliko zote, kwa kile watu watakachokiona nyumbani mwao taa zikiwaka.

Nije kwenye uandishi wenyewe. Umeandika hivi:

"Ghafla taa zikazimika. Kiza totoro kikatanda. Zuhura akahisi mwili wote unamsisimka na damu inamganda mishipani. Jini la kutisha likasimama mbele yake likicheka kicheko cha kutisha."

Aya hiyo inamwamrisha msomaji aogope, na msomaji haamrishiki. "Ghafla" ni neno la mtu anayepiga makofi nyuma ya kisogo chako. Unashtuka mara moja, ya pili unamwambia akome. Damu kuganda mishipani tumeisoma mara nyingi mpaka haina baridi tena. Na neno "kutisha" lipige marufuku katika daftari zima.

Mimi ningejaribu kitu kama hiki, si kwa kukulazimisha, bali uone namna nyingine:

"Umeme ulikatika wali ukiwa ndiyo kwanza umepakuliwa. Hakuna aliyeinuka. Bibi aliwasha kibatari akakiweka kizingitini, mbali na watoto, na mwanga wake ukaishia kwenye ukingo wa sinia, ikawa mikono inaonekana na nyuso hazionekani. Walikula kimya kwa sababu samaki alikuwa na miba. Kisha bibi akasema, bila ya ukali, kama alivyozoea kusema: 'Nani huyo anakula kwa mkono wa kushoto?' Zuhura akautazama mkono wake. 'Si mimi,' alisema Hamadi. 'Wala mimi,' alisema mdogo wake. Mama hakujibu. Alikuwa anakimega kipande cha samaki, anakitoa miba, anakisogeza taratibu upande wa sinia ambao hakuna aliyekaa."

Hakuna jini hapo. Hakuna aliyesisimkwa mwili. Lakini kila mtoto aliyepita chuoni ameambiwa kwamba shetani hula kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo sina haja ya kusema, na kwa kuwa sikusema, msomaji amesema mwenyewe moyoni mwake. Lakini mkono ule peke yake si kitu, mtu anaweza kuusahau kesho. Aya inasimama kwa mama. Mama anajua. Tangu lini? Anamlisha nani, na kwa nini anamtolea miba kama mtoto mdogo? Swali hilo linaweza kumvuta msomaji kurasa thelathini bila ya wewe kuongeza hata mlango mmoja wa kulia. Tena angalia kwamba nyumba imejaa watu, wanakula pamoja, jambo la salama kuliko yote tuliyo nayo. Hofu ikiingia kwenye sinia haina pengine pa kukimbiliwa.

Kiswahili chenyewe kina vifaa ambavyo wewe hujavitumia. Anza novela yako kwa hu-: bibi hufunga mlango wa uani kabla ya magharibi, mama huhesabu vikombe, baba mkubwa hukaa peke yake barazani baada ya isha. Kurasa mbili tatu za mambo yafanywayo kila siku, msomaji anazoea, anajua kanuni za nyumba. Halafu siku moja: bibi hakufunga. Basi. Hukuhitaji ngurumo.

Vivyo hivyo, mlango "ulifunguliwa" una mtu nyuma yake, na mlango "ulifunguka" hauna. Ukiandika kwa sura nne kwamba mlango wa chumba cha mwisho ulifunguka, ulifunguka, ulifunguka, kisha katika sura ya tano ukaandika ulifunguliwa, msomaji makini ataacha kutafuna alichokuwa anatafuna. Na kuna lile la kukiita kitu "kile" na "kilikuwa", kurasa nyingi, kile kilicholala chini ya chandarua, kile kinachopumua, mpaka sentensi moja inakuja na "akageuka". Kitu kimekuwa mtu kwa silabi moja. Usilifanye zaidi ya mara moja katika kitabu, litaisha nguvu.

Unauliza mtu hujifunza vipi. Kwa kusoma, ndiyo, lakini kwa Kiswahili huna rafu ndefu ya vitabu vya namna hii, kwa hiyo soma hata vile vilivyokwenda njia nyingine. Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, alifanya kazi ya ukaguzi katika idara ya afya kabla ya kuingia kwenye uandishi wa habari, na *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilichochapishwa 1960, kinaanza na maiti kwenye mzimu, mahali watu wanapopaogopa. Kisha Bwana Msa, mpelelezi wa kitabu hicho, anakuja na kiko chake na kuonesha kwamba aliyeua ni mtu. Msome kwa jicho la mwizi. Tazama anavyoiacha hofu ya mzimu ifanye kazi kwa kurasa nyingi kabla ya akili kuingia, na anavyowafanya watu waonekane kwa maneno yao. Wewe unaweza kukataa kumleta Bwana Msa mwishoni, lakini lazima uamue kwa kujua. Kuna wanaofafanua kila kitu na kuna wasiofafanua chochote. Mimi nawapenda wanaoeleza nusu: mambo ya watu yaelezwe yote, mirathi, ufunguo, mimba, nani alimfanya nini babu. Jambo lenyewe la usiku libaki na mlango wazi. Ila usithubutu kusema kwamba Zuhura alikuwa anaota. Ukifanya hivyo nitakurudishia daftari.

Halafu kaa na wazee. Wengi wenu mkikaa nao mnaomba "tuhadithie mambo ya mashetani", na mnapewa yaleyale aliyopewa kila mtu. Waulize makatazo. Kwa nini mlango wa uani hufungwa mapema? Kwa nini usipige mbinja usiku? Kwa nini ukiitwa jina lako gizani usiitikie mara ya kwanza? Kwa nini mtu asimwage maji ya moto chini bila kupiga bismillahi? Usiandike jibu peke yake, andika na namna mzee alivyojibu, alivyotazama pembeni, aliyemkatiza. Katazo moja lenye mtu aliyelivunja na sababu ya kulivunja ni novela nzima.

Kuna mambo matatu ya kuondoa katika sura yako, nayapitia haraka. Popo wanaonyonya damu: wewe ni mtu wa Pemba, popo wakubwa wa Pemba hawapatikani kwengine duniani, mabawa yao yakitandazwa hupita mita moja na nusu, na wanakula matunda. Wageni huja Kidike, hapohapo Pemba, kuwatazama. Waliwindwa mpaka karibu waishe kabla watu hawajaanza kuwalinda, usiwaongezee uadui. Wakiwa wananing'inia tu mchana juu ya mwembe, mamia kwa mamia, wakijipepea wakati watu wanazika, inatosha. Pili, bibi kizee mchawi anayekaa peke yake mwisho wa kijiji. Ni rahisi mno, na nje ya kitabu vizee halisi huumizwa kwa tuhuma kama hizo. Akiwepo, basi awe ndiye aliyesema kweli tangu mwanzo na hakusikilizwa, au mpe jambo jengine kabisa. Tatu, umetaja meli iliyozama na mizimu ya abiria wake. Watu waliopoteza jamaa zao kwenye MV Spice Islander mwaka 2011 wanaishi mtaani kwako na wananunua dukani kwenu. Toa.

Rasimu ikikamilika, isome kwa sauti. Mwombe mtu mmoja akae, asome mwengine, wewe unyamaze na uwatazame. Usiwaulize kama wameogopa, kila mtu atasema hapana. Tazama wapi anayesoma ameharakisha, wapi aliyesikiliza amechukua simu, wapi ameuliza "ehe?" Penye simu kata. Na dada yako usimwache. Msomaji anayecheka mwanzo mpaka mwisho ni msomaji aliyefika mwisho. Kaa naye na daftari, akuoneshe mstari ambao alicheka mara ya kwanza. Nakisia ni ukurasa wa tatu, lakini huenda ni mapema zaidi.

Kuhusu kundi la WhatsApp: usitoe sehemu hata moja kabla hujaandika ya mwisho. Najua raha ya kupata "ikoje, endelea" saa nne usiku. Lakini hadithi ya namna hii huandikwa mara ya pili kutoka nyuma kwenda mbele. Ukishajua mama anamlisha nani, utarudi sura ya kwanza kuweka sahani moja ya ziada kwenye kabati, na huwezi kuiweka kama watu arubaini wameshaisoma bila ya sahani. Malizia, rekebisha, kisha ukate vipande vya maneno elfu moja au elfu moja na mia tano, uvitoe kwa siku maalumu, na kila kipande ukikatie katikati ya tendo, si baada yake.

Sura yako ya pili nitumie ukishazitoa kurasa tatu za mwanzo za ile ya kwanza. Anzia pale bibi anapomtuma Zuhura akaazime kandili kwa jirani na jirani anauliza, "Ya wageni wenu?" wakati nyumba haina wageni. Mstari huo uliuandika mwenyewe, umeufukia ukurasa wa tano, na ndio mzuri kuliko yote uliyonitumia.